Chungwa la bibo limebaki, na kitufe cha "Agiza" kinasomeka

Hatimaye kimekubali! Kitufe cha "Agiza korosho" kinasomeka hata juani, na rangi ya biashara ya mama mdogo haijaguswa. Kurasa nyingine za tovuti yake zilikwisha zamani. Hiki kitufe kimoja ndicho kilichonikosesha usingizi.

Mnaofuatilia mnajua: mama mdogo anabangua na kukaanga korosho hapa Mtwara mjini, na rangi yake ni chungwa la bibo lililoiva, #F7941D kwa msimbo wa rangi wa kompyuta. Liko kwenye vifungashio, kwenye bango, hadi kwenye aproni, na juu yake maandishi meupe. Nilipopima, uwiano wa mwanga kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake ukaja 2.28 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, inadai 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa, kwa hiyo hata ningeyakuza vipi, meupe juu ya chungwa hili hayafiki. Na kweli, toka nje saa saba mchana na simu ya bei nafuu uone: maneno yanamezwa, kinabaki kipande cha chungwa kitupu. Wateja wake wengi huagiza wakiwa sokoni au stendi. Wasome nini?

Kinachosumbua ni kwamba chungwa linaonekana kali, ukadhani ni zito. Kumbe kwenye hesabu ya mng'ao kijani hubeba karibu asilimia 72, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Chungwa hili lina nyekundu tele na kijani cha kutosha, basi lina mwanga mwingi mno kubeba herufi nyeupe.

Nikalikoleza mpaka #B45309. Namba ikapita, 5.02. Nikamwonyesha mama mdogo, akaitazama simu kwa muda, akasema, "Mwanangu, hili bibo limeoza. Nani atanijua kwa rangi hii?" Nilikubaliana naye palepale. Nikajaribu vivuli vya katikati, kila kinachopendeza hakifaulu, kila kinachofaulu kinageuka rangi ya tofali.

Jibu lilikuwa mezani, kwenye sahani ya maganda ya korosho. Nikaweka ganda moja kando ya kioo cha kompyuta na kutafuta hudhurungi yake: #3B1F0E. Juu ya chungwa inatoa 6.63, juu ya nyeupe inapita 15. Basi chungwa likabaki lilivyo, herufi ndizo zikabadilika. Viungo vya kubofya (linki) ndani ya maandishi navyo ni hudhurungi, vimepigiwa mstari chini.

Kuhusu zana: zile programu zinazokutungia rangi tano kwa kubofya mara moja sizitaki tena, zinapanga rangi nzuri zisizosomeka. Kipimo cha uwiano kilichoko kwenye tovuti ya WebAIM kinatosha kwa kazi nyingi. Ila ninachokipenda zaidi ni kichagua rangi cha DevTools, zana za watengeneza tovuti zilizomo ndani ya kivinjari cha Chrome, kinachokuchorea mstari wa kikomo cha uwiano unaokubalika, ukajua uishie wapi. Humohumo unaweza kuiga macho yasiyotofautisha nyekundu na kijani. Ndipo nilipoona vidoti vyangu vya stoo, kijani kwa iliyopo na chekundu kwa iliyokwisha, vinafanana kabisa. Sasa vimeandikwa wazi: "Ipo", "Imeisha".

Nilipanga kumalizia mandhari ya usiku ya tovuti, yenye usuli mweusi, wiki hii, lakini imesubirishwa. Mama mdogo alipoona kitufe kipya alichukua pakiti ya robo kilo, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza, "Na hapa je? Mbona uzito sijawahi kuusoma bila miwani?" Ni meupe yaleyale juu ya chungwa lilelile. Kwa hiyo nimeshaanza lebo mpya, herufi za hudhurungi, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi kwa herufi nene. Chungwa la kwenye kioo halitoki sawasawa kwenye CMYK, yaani wino nne za uchapaji, hivyo mchapaji nimemwomba karatasi ya majaribio kwanza, tena kwenye nailoni ileile ya pakiti.