Meno Yasigusane

Mtwara, Jumapili jioni

Leo asubuhi nimesimama mbele ya kioo nikaingiza vidole vitatu kinywani, kimoja juu ya kingine, kupima taya linavyofunguka, navyo vimepita bila maumivu. Mwezi uliopita, minada ya korosho ilipopamba moto, hata viwili vilikuwa havipiti.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu ukifika, siku yangu huanzia kwenye mizani na kuishia kwenye vitabu, nikilinganisha hesabu na stakabadhi za ghala huku wakulima wamekaa nje wakitaka kujua malipo yao yataingia lini, na wana haki ya kuuliza. Maumivu yalianza mbele ya sikio la kulia, yakapanda hadi panjani, na kila nilipopiga mwayo kiungo cha taya kilialika kama kijiti kikavu kinachovunjika. Nilidhani ni sikio, nikatumia dawa ya matone kwa wiki nzima bila nafuu. Kisha katika zahanati moja nikaambiwa kwamba gego la mwisho ndilo lenye kosa na ling'olewe. Nilikwisha kukubali, kilichoniokoa ni kwamba siku ile dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha. Bado naumia moyoni ninapokumbuka kwamba jino zima, lisilo na tundu wala usaha, lilikaribia kutolewa kwa sababu hakuna aliyeligusa taya lenyewe.

Daktari wa kinywa na meno niliyemwendea baadaye hakuanza na meno. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu yote mawili, akasema, "Fungua polepole, mama," kisha akaibonyeza misuli ya mashavu, nami nikaruka kwa maumivu. Alinieleza kwamba kiungo cha taya kwanza huzunguka kama bawaba ya mlango, kisha mdomo ukizidi kupanuka huteleza mbele, na kwamba katikati yake kuna kisahani cha gegedu ambacho kikisogea kidogo huweza kutoa mlio. Mlio peke yake, usio na maumivu wala kukwama, hauhitaji tiba. Kilichoniumiza mimi ni misuli iliyochoka.

"Sasa hivi meno yako yanagusana?" akaniuliza.

Yalikuwa yanagusana, tena yamekazwa. Sikuwahi kujua kwamba taya likipumzika midomo hufungwa lakini meno ya juu na ya chini huachana, kwa kawaida milimita 2 hadi 4, na kwamba hukutana tu kwa muda mfupi mtu anapotafuna au kumeza. Mimi nilikuwa nikiyabana tangu mizani inapofunguliwa hadi usiku, na mume wangu akaniambia kwamba hata usingizini nilikuwa nikiyasaga.

Tangu siku hiyo nimebandika kipande cha karatasi nyekundu kwenye jalada la kitabu cha mapokezi. Kila ninapokiona, naachanisha meno na kulegeza mabega, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu. Jioni shangazi hunikanda mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto, dakika 15 hadi 20, na ninapopiga mwayo nashika kidevu kwa chini ili mdomo usipanuke mno. Nimekula uji, ndizi za kupondwa na ugali laini wenye mchuzi mwingi wa samaki. Pweza, mahindi ya kuchoma na muhogo mbichi nimeviacha kwanza. Korosho za kukaanga ndizo zilizonitesa zaidi, maana nashinda katikati yake. Dawa ya maumivu nilimeza siku chache tu, na kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku daktari ameahidi kunitengenezea iwapo usagaji hautapungua.

Jambo moja alilisisitiza mpaka akanirudisha kutoka mlangoni: taya likikwama lisifunguke au lisifunge, au uso ukivimba pamoja na homa, nisisubiri, na maumivu ya taya yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi, nikimbilie hospitali saa ileile, kwa kuwa huenda huo ni moyo.

Upande wa kulia bado unaalika asubuhi, lakini hauumi. Kesho kuna mnada, na kipande cha pili cha karatasi nyekundu nimekwisha kukibandika kwenye kikokotoo.