Siku moja maishani mwangu: data ya kulipia, ya kukwangua, na ile iliyo kwenye daftari la serikali

Saa 1:00 asubuhi

Nafanya utafiti kwenye ofisi ndogo ya ushauri wa uwekezaji, Dar es Salaam. Wateja wetu ni mifuko ya mitaji inayotaka kujua kampuni changa za Afrika Mashariki zinafanya nini, nani kaziwekea fedha na kiasi gani. Kabla ya chai nafungua logi ya programu zilizokwangua usiku, yaani zilizosoma kurasa za tovuti na kunakili data yake. Seva inaandika muda wa UTC, kwa hiyo 01:00 yake ni saa 10 alfajiri kwetu.

Kila ukurasa umerudisha 200, maana yake umefunguka bila tatizo. Namba hiyo haitoshi kunituliza, kwa hiyo naangalia visanduku vya jedwali vilivyo tupu. Leo tovuti moja inayoorodhesha kampuni zilizopita kwenye mafunzo yake imebadilisha mpangilio: jina la kampuni lililokuwa ndani ya lebo ya msimbo wa ukurasa iitwayo h3 limehamia kwenye iitwayo span, na safu yote ya majina imerudi tupu. Programu za kukwangua huharibika kimya kimya namna hii. Ndiyo maana nimeziwekea sharti: majina yakikosekana kwenye zaidi ya asilimia 10 ya mistari, programu isimame na isiguse data ya jana. Imesimama. Narekebisha mstari mmoja wa msimbo, naiwasha tena, naiacha ipumzike sekunde 5 kati ya ukurasa na ukurasa. Tovuti yenyewe iko kwenye seva ndogo, na si haki kuibana.

Saa 2:30 asubuhi

Kijana anayejifunza kazi kwetu anaingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Dada, nimeona umeanza kutengeneza ile programu tena. Si tulipie tu API, programu zetu zichote data moja kwa moja kwa muuzaji, tuachane na haya ya kukwangua?"

"Tumeshalipia. Vuta kiti nikuonyeshe kitu."

Saa 3:00 asubuhi

Kazi ya leo ni hii: mteja anataka kampuni changa za kilimo za Tanzania, Kenya na Uganda zilizopata mtaji tangu 2021. Naiuliza API tunayoilipia, nikichuja kwa nchi. Tanzania inarudisha orodha fupi mno. Ipo kampuni ninayoijua, ina maghala Arusha na wafanyakazi wa kudumu, na haimo. Naitafuta kwa jina: imo, ila makao makuu yameandikwa Wilmington, Delaware.

Kijana anashangaa, na ni haki yake. Wawekezaji wengi wa Marekani wameizoea sheria ya kampuni ya jimbo la Delaware, na mara nyingi huwataka waanzilishi wasajili kampuni mama kule kabla ya kutoa fedha. Huku Arusha inabaki kampuni tanzu. Kwenye hifadhidata basi, kampuni inayonunua mahindi kwa wakulima wa Manyara inahesabika kuwa ya Marekani. Ukichuja kwa nchi, umeipoteza, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia.

Hata hivyo API hiyo naitetea. Kila kampuni ina namba yake isiyobadilika, na kampuni changa hubadilisha majina mara kwa mara. Majina matatu ya biashara moja yamefungwa kwenye namba moja, na jedwali langu halihesabu mtaji mmoja mara tatu. Kazi hiyo ukiifanya kwa mkono ni wiki nzima ya kulinganisha majina. Hapo naona fedha yetu ilikokwenda.

Saa 5:00 asubuhi

Kwa kuwa kampuni mama iko Marekani, naenda EDGAR, hazina ya nyaraka ya SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani. Ni bure na ina njia rasmi ya programu kuchota data. Masharti yao yanaeleweka: usizidishe maombi 10 kwa sekunde, na programu yako ijitambulishe kwa jina na barua pepe.

Ninachotafuta ni Fomu D. Kampuni inayouza hisa au hati nyingine za mtaji bila kuziandikisha kwa soko la wazi, kwa kutumia msamaha wa SEC uitwao Kanuni D, inatakiwa kuijaza ndani ya siku 15 tangu mauzo ya kwanza. Namfungulia kijana ya ile kampuni ya Arusha. Kipengele cha 3 kina wakurugenzi na maofisa. Cha 5 kinauliza kiwango cha mapato, na wengi huchagua kutokusema. Cha 13 ndicho kiini: jumla iliyotarajiwa, iliyokwisha kuuzwa, na iliyobaki. Cha 14 kinataja idadi ya wawekezaji waliokwisha kuingia, bila majina yao.

"Mbona kiasi kilichouzwa ni kidogo kuliko kile ambacho kampuni yenyewe ilitangaza?"

Swali zuri. Tangazo linaweza kuwa limejumlisha mkopo, ruzuku, au ahadi ambazo fedha yake haijaingia. Fomu nayo inaonyesha hali ya siku ilipojazwa. Hatumwiti mtu mwongo. Tunaandika namba zote mbili, kila moja na tarehe yake. API yetu ilikuwa na ile ya tangazo peke yake.

Tangu hapo nimemwachia kiti. Anazipitia kampuni zilizobaki, na mimi nasimama nyuma yake.

Saa 7:00 mchana

Wali, maharage na mchicha kwa mama lishe. Simu mfukoni.

Saa 8:00 mchana

Kikao kwa video na mteja. Mwanasheria wao anauliza kama kukwangua ni halali, na bosi ananipa nafasi nijibu.

Watu wengi hutaja kesi ya hiQ Labs, kampuni iliyokwangua kurasa za LinkedIn, mtandao wa wasifu wa kazi, wakaishia nusu. Mwezi Aprili 2022 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 ya Marekani iliona kwamba kuchota kurasa zilizo wazi kwa umma huenda si uvunjaji wa sheria ya udukuzi. Wakwanguaji wakashangilia. Lakini Novemba mwaka huohuo mahakama ya wilaya iliamua kwamba hiQ ilikiuka makubaliano ya watumiaji wa LinkedIn, na Desemba shauri likafungwa kwa hukumu ya dola 500,000 dhidi ya hiQ. Hata robots.txt, faili la tovuti linaloziambia programu kurasa zipi zisiguse, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kuandikwa kama kiwango cha intaneti, RFC 9309, mwaka 2022, unaziomba programu ziheshimu mipaka. Kuruhusiwa nayo hakufuti masharti ya matumizi.

Na kwetu kuna sheria zetu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo namba za simu na barua pepe binafsi za waanzilishi hatuzichukui, hata zikiwa wazi mbele ya macho. Mteja aliziomba. Nimemkatalia, na nitaendelea kukataa.

API za kulipia nazo zina mkataba wake, na huu nashauri usomwe kabla ya kutoa kadi. Mikataba mingi inakataza kumkabidhi mtu wa tatu data ghafi, au inataka uifute usajili ukiisha. Bei nayo iko mikononi mwa muuzaji. Mwaka 2023 Reddit, mtandao wa mijadala, ilianza kutoza dola 0.24 kwa kila maombi 1,000 ya API yake, na Apollo, programu ya kusomea Reddit iliyopendwa na watumiaji wengi wa simu, ikafungwa tarehe 30 Juni.

Saa 10:00 jioni

Ukaguzi wa usajili wa nyumbani. Kwa kampuni za Tanzania naomba taarifa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kwa ada. Kwa za Kenya naagiza CR12, hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Ni kampuni moja moja, huwezi kuagiza kwa gunia. Naagiza zile tu ambazo vyanzo viwili vimepingana.

Saa 11:30 jioni

Jedwali limesimama. Kila kiasi cha fedha kina jirani zake: chanzo, anwani ya ukurasa, tarehe tuliyochukua, na aina yake, yaani kimetangazwa, kimejazwa kwenye fomu, au vyote viwili. Kijana ameongeza safu ambayo sikuifikiria: nchi ya usajili na nchi ya kazi, kila moja mahali pake. Inabaki humo.

Kisha namwandikia bosi kuhusu malipo ya mwaka ujao. Napendekeza tuendelee na API, ila tushuke kwenye kifurushi kidogo: tunahitaji zile namba za utambulisho na historia ya majina, hatuhitaji maelfu ya maombi ya data za mtaji tunazozipata EDGAR bure. Tofauti ya bei iende kwenye ada za BRELA na CR12, na kwenye posho ya kijana, maana kazi ya leo nusu ni yake.