Potasiamu iliyotoka kwenye chupa, si kwa mgonjwa

Tangu nianze kazi ya uuguzi hapa Pemba nimekuwa nikisikia ushauri ambao hadi leo unanikera: damu isipotosha kujaza chupa yenye kifuniko chekundu, chota kidogo katika ile ya zambarau ujazie. Wanaoutoa wana nia njema, lakini chupa ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo ina potasiamu ndani yake na huikamata kalsiamu. Ukijazia, maabara itapima kwa uaminifu kitu ambacho hakimo mwilini mwa mgonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi mmoja wadini kwetu. Damu yake iliyotolewa zamu ya usiku ilileta potasiamu 7.9, ilhali kawaida ni 3.5 hadi 5.0, na kalsiamu imeshuka kupita kiasi. Potasiamu ya kiwango hicho inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo nilimwita daktari papo hapo na kumpima bibi umeme wa moyo. Mistari ilikuwa shwari, naye akiulizia uji wake. Kalsiamu ile ndiyo iliyonitia shaka, nikamwomba daktari turudie kipimo huku tukimwangalia kwa karibu, akakubali.

Kuipata damu hiyo ndiko kulikokuwa na kazi. Mshipa wa nyuma ya kiganja ulitoa matone mawili matatu ukanyamaza. Mwenzangu akanishauri nikaze zaidi mpira wa kufungia mkono na bibi akunje ngumi mara kwa mara, jambo ambalo lenyewe hupandisha potasiamu. Nikaufungua mpira, nikamnywesha maji, nikamviringishia mkono kitambaa cha maji ya vuguvugu na kuuteremsha kando ya kitanda. Baada ya muda mshipa wa kiwikoni ukajitokeza kama kamba ya ngarawa. Mpira haukukaa zaidi ya dakika moja. Sindano niliitupa kwanza kwenye boksi la usalama, ndipo nikaiacha damu ya kwenye bomba iteremke taratibu ukutani mwa chupa, nyekundu kabla ya zambarau; taratibu kwa sababu kuisukuma kupitia tundu jembamba la sindano hupasua chembe nyekundu na potasiamu iliyomo humwagika.

Chupa niliziandika pale pale kitandani, baada ya bibi kunitajia mwenyewe majina yake matatu nami kuyalinganisha na namba ya faili. Majina ya kwetu yanafanana mno, na mzee ukimuuliza, "Wewe ndiye Bi Fulani?", huenda akaitika naam hata kama siye.

Nilizipeleka maabara kwa mkono wangu. Potasiamu ilirudi 4.4, kalsiamu ya kawaida, na bibi akaepushwa na dawa za kushusha potasiamu ambazo zingemdhuru bure. Chupa ya usiku tuliiandikia ripoti, na siku hizi damu ikipungua tunawapigia simu maabara kuuliza kiasi kinachotosha, maana mara nyingi wanahitaji kidogo kuliko tunavyodhani.