OEMDRV Ni Nani?

Jana binti yangu alichomeka flashi kwenye laptopu, akaniita kutoka sebuleni: "Baba, OEMDRV ni nani? Nimfute?" Anataka nafasi ya kubebea kazi ya shule hadi saiba. Nikamwambia angoje kidogo. Mpaka sasa anangoja.

Ni ile flashi ya kwa Mzee. Januari 2020, seva ya Dell PowerEdge R710, mtumba wa barabara ya Luthuli, Nairobi, na kadi yake ya PERC 6/i, ile inayounganisha diski na mashine. Kuinunua, kuipandisha ghorofa nne lifti ikiwa imelala, kumwahidi Mzee kwamba kufikia saa nane kazi imeisha: hayo yalipita haraka. Mfumo wa kusakinisha ulikuwa CentOS 8, aina ya Linux, ina miezi minne tu tangu itoke.

Kilichonibakia ni ule ukurasa wa kisakinishi wa kuchagua diski ya kuwekea mfumo. Feni zinavuma kama kinu cha posho. Taa za kijani zinapepesa. Nikiweka kiganja juu ya bati, nazisikia diski zikizunguka. Kwenye skrini, hakuna hata moja. Nikabonyeza tena. Patupu. Mzee yuko nyuma yangu na kikombe cha chai, anapuliza, hanywi.

"Kijana," akasema, "zinanguruma lakini hazipo?"

Nikasema kadi imekufa. Nilisema kwa sauti ya daktari. Kisha nikashuka Luthuli nikamwambia muuzaji, mbele ya wateja wake, kwamba ameniuzia maiti. Hakupandisha sauti. "Ndugu yangu, hii niliiwasha hapa hapa na CentOS 7, diski zikaonekana." Akatoa kadi nyingine kama ile kwenye rafu, akanipa bure.

Nayo ikafa vivyo hivyo. Maiti mbili kwa siku moja. Hapo hata daktari hujishuku.

Usiku nikabonyeza Ctrl+Alt+F2 kupata skrini ya amri, nikaandika lspci -nn, amri ya kuorodhesha kadi zilizomo na nambari zake. Kadi ikajitaja yenyewe, 1000:0060, mzima wa afya. Draiva yake, programu ya kuiendesha kadi iitwayo megaraid_sas, pia ilikuwemo. Ila katika toleo la 8, nambari za kadi za zamani zilikuwa zimeondolewa kwenye orodha ya zile draiva hiyo inazozihudumia. Ni kama kufika kituo cha kura na kitambulisho mkononi, jina halimo kwenye rejista. Na orodha ya vilivyoondolewa ilikuwa imechapishwa wazi kwenye maelezo ya toleo. Nani huyasoma?

ELRepo, mradi wa kujitolea unaotoa draiva za ziada, walikuwa na draiva hiyo, nambari za zamani zimerudishwa, kama picha ya diski, yaani faili moja la kuandikwa kwenye flashi. Nikaishusha kwa bando la simu. Lebo yake OEMDRV: kisakinishi kikiliona jina hilo, huingiza draiva bila kuulizwa. Asubuhi diski ikajitokeza.

"Kumbe ilikuwepo," Mzee akasema, akanywa chai.

Kadi ya pili iko kwenye droo ileile ilimotoka flashi. Siku moja niliifunga kwa gazeti nikaipeleka Luthuli. Pale dukani sasa wanauza vifuniko vya simu, na kijana wa kaunta hamjui ninayemuulizia. Nikanunua kifuniko kimoja. Hata hakitoshei simu yangu.