Siku moja maishani mwangu: nyuma ya dirisha la maabara, Tabora

Majirani zangu wa Isevya wanaamini kazi yangu ni kupima malaria na mkojo. Si uongo, ila hiyo ni sehemu yake ndogo. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja hapa Tabora mjini. Nimeamua kuandika siku hii nzima kwa sababu mle ndani kuna jambo ambalo ndugu wa wagonjwa hulielewa vibaya, yaani damu ya kundi lilelile kutomfaa mgonjwa, na sisi tunaokaa nyuma ya dirisha ndio tunaobeba lawama.

Saa 12:15 asubuhi. Chai ya rangi, viazi vilivyobaki jana, bodaboda.

Saa 1:00. Tunakabidhiana zamu. Cha kwanza kukiangalia ni joto la friji ya damu, ambalo halitakiwi kutoka kati ya nyuzi 2 na 6. Kisha nawasha mashine ya FBP, ile ya kuhesabu chembe za damu, napitisha kontroli, yaani sampuli ambayo majibu yake yanajulikana, naandika kwenye daftari.

Saa 1:30 hadi saa 4 ni foleni: sukari, malaria, wajawazito, makundi ya damu. Mgongo huanza kuuma mapema.

Saa 4:20. Inaletwa chupa ndogo ya damu, ya kifuniko cha zambarau, kutoka wodi ya wanaume. Ni ya mzee wa miaka sitini na kitu, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo. Amechoka, anapumua kwa shida, macho ni ya njano. Huko alikotoka alikuwa akinunua dawa za malaria dukani. Mashine inatoa HB, yaani wingi wa damu, 4.2; imepungua sana. Chembe nyeupe ni 96, wakati mtu mzima mwenye afya huwa hazizidi 11 hivi.

Majibu ya namna hiyo siyapeleki wodini kabla ya kuona kwa macho yangu. Natandaza tone kwenye slaidi, natia rangi, naweka chini ya hadubini. Limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, ndogo ndogo zimejaa kila upande, na katikati yake kuna nyingine zilizosagika wakati wa kutandaza, zimebaki madoa tu. Huyo ni mgeni ninayemfahamu: saratani ya damu ile inayokwenda polepole, lukemia sugu ya limfosaiti. Lakini jicho langu linabaki kwenye chembe nyekundu. Nyingi ni ndogo, za mviringo, zimekolea rangi mpaka katikati, hazina ule weupe wa kawaida. Mara nyingi chembe inakuwa hivyo ikiwa imemegwa na kinga ya mwili.

Naziosha chembe zake kwa maji chumvi, tena na tena, kisha natia kitendanishi cha kipimo cha Coombs. Zinashikana papo hapo. Maana yake kingamwili za mzee mwenyewe zimezipaka chembe zake nyekundu, na mwili unazila. Mtu mmoja, saratani na ugonjwa wa kinga kujishambulia kwa wakati mmoja. Kati ya wagonjwa 100 wa lukemia hii, kama 5 hadi 10 hupatwa na hali hiyo.

Daktari anataka damu, na anaitaka haraka.

Saa 6 inanikuta kwenye krosimechi, kipimo cha kuona kama damu ya kuongezewa inalingana na ya mgonjwa. Nachukua maji ya damu ya mgonjwa, nayachanganya na chembe za chupa iliyoko kwenye friji, naweka kwenye joto la nyuzi 37, nasubiri. Nina mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti mwenye maswali mazuri. Akauliza: "Dada, saratani inahusiana vipi na mtu kujishambulia?"

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Nikamwambia aanze na jeni. Jeni ikisomwa, hutoka nakala ndefu ya RNA yenye vipande vinavyotakiwa, eksoni, na visivyotakiwa, introni. Ndani ya seli kuna mtambo wa kukata visivyotakiwa na kuunga vinavyobaki. Phillip Sharp na Richard Roberts waliligundua hilo mwaka 1977, na mwaka 1993 wakapewa Tuzo ya Nobel. Vipande vyenyewe vinaweza kuungwa kwa namna tofauti. Fundi cherehani ukimpa kitenge kilekile, anaweza kukutolea gauni au blauzi na sketi. Inategemea amekata wapi. Zaidi ya asilimia 90 ya jeni zetu zenye vipande vingi zinafanya hivyo, ndiyo maana jeni kama 20,000 zinatosha kuendesha ubongo, moyo na ngozi.

Saratani huuvuruga ukataji huu. Tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba baadhi ya wagonjwa wa lukemia kama ya mzee wetu wana kasoro kwenye jeni ya SF3B1. Protini ya jeni hiyo ni sehemu ya mtambo wenyewe, husaidia kutambua mahali pa kukata. Ikiharibika, mtambo unakata pasipo pake. Nakala nyingine zinatupwa, nyingine zinatoa protini zenye umbo ambalo kinga ya mwili haijawahi kulizoea.

Binti aliacha kuandika nilipofika kwenye Nova. Kuna wanawake wenye saratani ya titi ambao huanza kuyumba wakitembea, na macho yao yanarukaruka bila wao kutaka. Uvimbe wao hutengeneza Nova, protini ambayo mahali pake ni kwenye seli za neva, na kazi yake huko ni hiyohiyo ya kuongoza vipande gani viungwe. Kinga inaiona kwenye uvimbe, inaishambulia, na kipigo kinafika mpaka kwenye ubongo. Robert Darnell na wenzake kule New York walitumia kingamwili za wagonjwa hao hao kuinasa jeni ya Nova, wakachapisha mwaka 1993. Yaani sehemu ya elimu ya ukataji wa RNA ndani ya ubongo imetoka kwenye damu ya wagonjwa wa saratani, damu iliyochotwa na kutunzwa vizuri na watu wa kazi kama yetu.

Kwa mzee wetu mambo hayaendi kwa mstari ulionyooka hivyo. Katika lukemia hii, kingamwili zinazokula chembe nyekundu mara nyingi hutoka kwenye seli za kinga zisizo za saratani, zilizopoteza adabu kwa sababu saratani imevuruga nyumba, si kwenye seli za saratani zenyewe. Nilitaka binti alishike hilo pia.

Nikatoa mirija. Huu ndio wakati ninaotamani ndugu wa wagonjwa wangeuona. Unainamisha mrija mbele ya taa, taratibu, unatazama kile kidonge chekundu kilichotulia chini. Damu inayolingana inaachia kama moshi. Hii iliachia vipande vipande. Chupa ya kwanza imegoma. Ya pili imegoma. Nikapima chembe za mzee kwa maji ya damu yake mwenyewe, hiyo ndiyo kontroli yake: nazo zimeshikana.

Sijui ilikuwa saa nane au imepita pale kijana wake mkubwa alipofika dirishani. Muuguzi alikuwa amemwambia damu hailingani.

"Dada, asubuhi tumetoa damu ndugu watatu. Sasa mnasema haifai. Mnataka nini? Semeni tu, tujue."

Maneno hayo yanauma kuliko mgongo. Nyuma yake watu kama kumi wenye karatasi zao wananitazama. Nikamwambia, "Kaka, sitaki kitu. Damu mliyotoa imekwenda kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Haijakataliwa. Ninayoipima ni ya kwenye friji."

"Sasa kwa nini haimfai mzee? Kundi si lilelile?"

"Kundi ni lilelile. Kinga ya mzee inashambulia kitu kilichopo kwenye damu ya karibu kila binadamu. Hata yake mwenyewe inaishambulia."

Akanyamaza, kisha akaanza upya, kwa sauti zaidi: kwamba tunachelewesha makusudi, kwamba mtu wa mjini angeshapewa. Baba yake mdogo, mzee mfupi mwenye kofia, akamshika bega. Nikamwamkia yule mzee, nikamuuliza swali nililokuwa nalihitaji kuliko yote: "Baba, kaka yako amewahi kuongezewa damu?"

"Hajawahi hata kulazwa, mwanangu."

Jibu hilo ni mali. Aliyewahi kuongezewa damu, au mwanamke aliyezaa, anaweza kuwa na kingamwili nyingine iliyojificha nyuma ya hii, na hiyo ndiyo inayoua haraka. Nikarudi ndani, nikaendelea na chupa zilizobaki za kundi lake, nikitafuta ile inayoshikana kidogo zaidi, isiyozidi kontroli yake mwenyewe. Umeme ukakatika, jenereta ikachukua muda wake, nikarudia mirija yote iliyokuwa kwenye sentrifuji.

Chupa hiyo ilipopatikana nilipanda mwenyewe wodini kuongea na daktari. Alikuwa ameshamuanzishia prednisolone, dawa ya kutuliza kinga. Tukakubaliana damu iingie polepole, muuguzi asiondoke kitandani dakika za mwanzo, daktari akasaini kwamba anaichukua akijua hailingani kikamilifu. Yule kijana alikuwa amesimama pale pale. Nilimweleza tena, safari hii kwa utulivu, na akasikiliza hadi mwisho.

Giza limeingia, mwenzangu wa usiku amefika. Nimemwandikia kwa herufi kubwa: chupa ya pili ikiombwa, asiikatae kwa sababu imeshikana, alinganishe na kontroli ya mgonjwa, kisha ampigie daktari kwanza. Sampuli ya rufaa ya kwenda Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, ichotwe asubuhi karibu na muda wa gari, isilale, kwa sababu RNA huanza kubadilika ndani ya saa chache, na anayetaka kusoma ukataji wake baadaye hatapata cha kusoma. Akauliza kama jina la mgonjwa kwenye chupa liandikwe kamili, matatu. Nikamwambia yote matatu, na namba ya faili.