Modeli ya ndege kurukaruka kupita kiasi kwenye handaki la upepo: jinsi nilivyotatua

Handaki (njia ya kupulizia modeli hewa kwa feni ili kuijaribu) ni boksi la plaiwudi, karakana iko Arusha. Modeli ya foamu, gramu 50, imeshikwa kwa nyuma na spoku ya baiskeli ya milimita 2 iliyochomoza sentimita 30. Vibao viwili vinavyochezacheza mbele yake huleta mivumo ya ghafla 3 kwa sekunde. Tatizo: mvumo mdogo tu, modeli inaruka juu chini kama iko kwenye dhoruba.

Kupunguza kasi ya feni hakukusaidia, wala kusogeza kitovu cha uzito. Mirija ya soda ya kunyoosha hewa nayo haikutosha (ila iacheni, inaondoa mzunguko wa hewa unaoletwa na feni).

Jibu lilipatikana feni ikiwa imezimwa. Gusa modeli kwa kidole, irekodi kwa simu, kisha rudisha video polepole uhesabu. Ilicheza mara 3 kwa sekunde, mdundo uleule wa mivumo, kwa hiyo kila mvumo uliuzidishia mchezo huo! Kilichokuwa kinapimwa ni spoku, si bawa.

Nikaifupisha hadi sentimita 15. Urefu ukipungua nusu, ugumu huongezeka mara 8, na mtikisiko (unaofuata kipeuo cha pili cha ugumu) ukapanda kutoka mara 3 hadi karibu mara 8.5 kwa sekunde, mbali na mivumo. Modeli ikatulia. Shina la spoku likazwe kwa nati mbili. Likilegea kidogo tu, mdundo unashuka tena.