Nilimpumzisha Mama, Nikamnyang'anya Asubuhi Zake

Leo ni wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani baada ya miaka 14 ugenini. Mti wa mbele ya nyumba umekatwa. Mlango niliouona mrefu utotoni sasa nauinamia kidogo, na watoto niliowaacha wakitambaa wananisalimu kwa sauti nzito. Hayo niliyatarajia na yamepita. Kilichonishtua ni ukimya wa saa kumi na mbili asubuhi.

Nyinyi mliokulia katika nyumba kama ile hamhitaji kusimuliwa. Sisi tuliamshwa na cherehani. Jua halijachomoza, kanyagio tayari linakwenda, na kwa mlio wake tu ulijua Mama ana nini mkononi: mwendo mrefu usiokatika, anapinda shuka, kidogo kidogo na kusimama, hiyo ni kola ya sare ya mtoto wa mtu. Huko nilikokuwa, usingizi ukinikataa, niliuita mlio ule kichwani mpaka nikalala.

Asubuhi ya kwanza niliamka mapema makusudi, nikangoja. Ikafika saa moja, ikafika saa mbili. Nikatoka, nikamkuta Mama kitini, mikono mapajani, anatazama ukuta. Cherehani ipo kwenye kona, kichwa chake kimelazwa ndani ya meza, na juu ya meza imewekwa runinga niliyomtumia mimi.

"Mama, cherehani imeharibika?"

"Haijaharibika, mwanangu. Si mlisema nipumzike?"

Tulisema, tena mwenye kusema zaidi nilikuwa mimi. Tangu mshahara wangu wa kwanza nilituma pesa ya msaidizi wa kufua, kupika na kufagia, na kila nilipopiga simu nilisisitiza Mama asiguse kitu, ameshataabika vya kutosha. Nilijivunia jambo hilo. Niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu hainui hata ndoo, wakanisifu, nami sifa nikazipokea zote.

Jioni ile nikamshika mkono wa kulia. Mnaijua sugu ya mkasi, ile inayoota kwenye kidole gumba pale kishikio cha chuma kinapobana miaka nenda miaka rudi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiipapasa ili nipate usingizi. Ilikuwa ngumu kama kokwa. Sasa haipo. Ngozi imelainika kabisa, kama ya mtu ambaye hajawahi kukata kitambaa maishani mwake. Nikakigeuza kidole huku na huku nikitafuta angalau alama. Mama akauondoa mkono wake taratibu, bila neno.

Tangu siku hiyo nawaza sugu tu. Niliiona kama jeraha, kumbe kilikuwa kitu chake. Mama hakuwa akishona nguo tu. Mtu alileta gauni la kupunguzwa kiuno, akakaa saa nzima, akalia mambo ya nyumbani kwake, akaondoka gauni limekaa sawa na moyo umetulia. Mtoto aliyechana suruali alikimbilia kwake kabla ya kufika kwao. Tulipotangaza kwamba Mama hashoni tena, watu walielewa, wakaacha kuja. Kila mtu alidhani anamhurumia. Hivyo ndivyo alivyobaki na ukuta.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, walifanya utafiti katika nyumba ya kulelea wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao yapo mikononi mwao wenyewe, wakapewa nafasi ya kuchagua mmea na kuutunza. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, ila waliambiwa wauguzi ndio watakaoumwagilia. Baada ya wiki tatu, wale waliokabidhiwa mambo yao walikuwa wachangamfu na wenye furaha zaidi kuliko wenzao. Niliusoma utafiti huo nikiwa huko huko, nikaona ni habari nzuri kuhusu wazee wa watu. Mama yangu mwenyewe nilikuwa nimemweka ghorofa ya pili.

Wewe uliye mbali na unatuma pesa kama nilivyokuwa nikituma, nakuomba kitu kimoja: kabla hujalipia msaidizi, muulize mzazi wako ni kazi ipi hataki kuachishwa. Muulize yeye, usiulize ndugu. Mzigo mzito mwondolee, magoti yake yana haki ya kupumzika. Lakini kile kinachomfanya aamke, kile ambacho asipokifanya kuna mtu atakuja kumuulizia, usikiguse. Mimi nilikigusa kwa upendo na kwa pesa, na miaka hiyo hairudi.

Juzi nimeishusha runinga. Mkanda wa cherehani ulikuwa umekauka ukakatika, nikanunua mwingine, nikatia mafuta kila tundu nililolikumbuka. Mama alinitazama tu. Nilipoanza kuhangaika kutunga uzi kwenye sindano, akavuta kiti. "Lete hapa, unaulowesha bure." Macho yake hayaoni tundu vizuri siku hizi, kwa hiyo mimi nilimulika tochi, yeye akatunga. Mshono wa kwanza ulikwenda upande. Akaufumua wote, akaanza upya.

Leo saa kumi na mbili na robo nimesikia kanyagio. Halina kasi ya zamani, linasitasita, linasimama, linaendelea. Nilipotokea mlangoni hakugeuka. Aliniambia nimletee shati langu la buluu, lile lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, maana alikiona tangu siku niliyofika.